Paa Jeupe

Namba mia mbili na kumi na nne
ilikuwapo nyumbani kabla yangu:
kwenye kopo la sukari la bibi Winifred,
kwenye mlango wa gereji yetu pale Mirfield,
mgongoni mwa koti la babu.
Aliipata kwa bahati tu.
Karani alikuwa amefika hapo kwenye daftari lake.
Baba akachukua inayofuata,
na sisi tukaifanya ukoo.

Nilipotimiza miaka kumi na sita
nikapewa namba ya marehemu,
helmeti ya shangazi Lorna
(ndani yake unywele mmoja mwekundu, ungali umenasa),
na gari alilolichomelea baba usiku kumi na tisa wa baridi,
mabomba na mabati,
bampa nene kama kizingiti.
Paa akalipaka nyeupe.

Kwa asiyejua, sheria ni hii:
mgeni paa lake jeupe, na huanza mbele.
Nyuma yake wa njano, nyuma yao wa bluu,
na mwisho kabisa mapaa mekundu,
wenyewe hasa, wanaunguruma wakisubiri.
Kwa hiyo mbele si heshima.
Mbele ni kuandaliwa mezani.

Jumamosi ya kwanza ya Machi, Barnsley.
Mvua yetu ile, hainyeshi wala haiachi.
Mtangazaji akatamka, "Tamsin Holroyd,"
jukwaa likalipuka kwa shangwe
kabla sijafanya lolote.
Shangwe ya jina, si yangu.
Niliivaa tu, mikono yake ikinipita vidole.

Bendera ya kijani.
Mzunguko wa kwanza sikumbuki.
Wa pili, tope.
Wa nne nikasikia injini ninayoijua.
Wengine humjua baba kwa hatua zake kibarazani,
mimi humjua kwa gia anayoingilia kona.
Nikajisemea, atanipita taratibu.

Akanigonga.
Bila hasira. Kwa ustadi, nyuma kushoto,
kama mtu anayesukuma mlango wa jiko kwa kiuno
mikono yake imejaa sahani.
Uzio ukanidaka.
Katikati ya mvuke nikasoma 215
ikienda zake.

Tulirudi kwenye lori, kimya.
Wakefield akasimama, akanunua chipsi,
akanipa zile za chini, zilizolowa siki, nizipendazo.
"Kwa nini?" nikamuuliza.
"Ulikuwa mbele yangu."

Saa saba usiku nikasikia nyundo.
Alikuwa gereji, peke yake,
ananyoosha ekseli aliyoipinda mwenyewe.

Wanasema maji hufuata mkondo.
Hawasemi mkondo huo unavyouma
unapopita katikati ya mgongo wako.

Bibi aliandika kila kitu kwa penseli.
*Aprili. T. wa kumi na moja. Breki mapema mno.*
*Mei. Injini imekufa. T. amelia, amekula.*
Juni, kule Skegness, niliwapita watatu kwenye kona moja
nikatapika ndani ya helmeti.
Nisamehe, shangazi.
Julai nilimwona baba mbele yangu, bampa lake karibu kama pua,
nikasita.
Bibi akaandika: *Amesita.*
Akapigia mstari.

Agosti pointi zikatosha.
Paa la njano.

Nikachukua msasa nikwangue rangi nyeupe.
Chini yake nikakuta nyekundu.
Chini ya nyekundu, bluu.
Chini ya bluu, njano iliyopauka,
na chini kabisa, juu ya bati lenyewe,
nyeupe nyingine, nzito, yenye nyufa,
yenye alama za brashi ya mtu mwenye haraka.

Nikamtazama baba.
Alikuwa anakoroga kopo la rangi kwa bisibisi,
anakoroga rangi iliyokwisha kuchanganyika.
"Bati zuri halitupwi," akasema.

Nikaacha kukwangua.
Nikapaka njano juu ya babu, mara mbili,
mikono ikinitetemeka kidogo.

Jumamosi naanza nyuma zaidi,
safu chache tu mbele ya baba.
Bibi ameshachonga penseli.